UZI: Resi za ngalawa Unguja, saa ya kuanza ipangwe kwa maji na upepo, si kwa ratiba ya mgeni rasmi

#1 Nahodha wa Mtoni

Assalaam alaykum wadau wa bahari.

Kila msimu wa resi ukikaribia maneno ni yale yale: nani ana ngalawa nyepesi, nani kashona tanga jipya, nani kamchukulia mwenzake mabaharia. Hayo nayo yana nafasi yake. Lakini hapa mjini resi huharibika au kunoga kwa jambo ambalo halizungumzwi mpaka siku yenyewe imeshapita, nalo ni saa ya kuanza. Msimamo wangu ni huu: tutazame kwanza maji na upepo, tupate saa, halafu mgeni rasmi aarifiwe hiyo saa. Sasa tunafanya kinyume chake.

Resi zetu kubwa za mjini zinaangukia pepo mbili. Za sherehe za Mapinduzi, Januari 12, zimo ndani ya kaskazi, upepo wa kaskazini. Za tamasha la filamu la ZIFF, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa Julai, zimo ndani ya kusi, upepo wa kusini, tena kusi iliyokaza. Asiyekwenda baharini anadhani tofauti ni upande tu unakotoka upepo. Sivyo. Kaskazi kwa kawaida ni upepo wa jua na joto, mwepesi kuliko kusi, na mara nyingi unachelewa kuingia. Kusi ina nguvu, ina baridi ya kipupwe, na siku nyingine inachanganyika na mvua za mchoo.

Halafu ndani ya siku moja upepo hausimami pahala pamoja. Alfajiri unapata umande, upepo wa nchi kavu. Usiku bara hupoa kuliko bahari, kwa hiyo hewa nzito ya bara inateremkia baharini. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi, hewa yake inapaa, na ya baharini inavutwa kuja kujaza nafasi. Baina ya hayo mawili pana kipindi cha shwari, tanga linaning'inia kama nguo kwenye kamba. Msimu wa kusi, asubuhi upepo huelekea kutoka kusini magharibi na ni hafifu. Mchana unapinda kuja kusini mashariki na kukaza, na baina ya saa nane na saa kumi ndipo unapokuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo ukipanga maboya asubuhi ukasema huku watakwenda kwa upepo wa tezi, wa nyuma, na kule watabisha, yaani watapanda kuelekea unakotoka upepo, kufika mchana ramani yako yote imegeuka. Nimeona boya lililowekwa ili watu wabishe, wakalifikia kwa matanga kati, upepo wa ubavuni, bila kukisi, yaani kugeuza tanga upande wa pili, hata mara moja. Hapo uhodari wa nahodha unapimwa wapi?

Sasa maji. Hili ndilo linalonikera zaidi, maana maji hayahitaji kubahatisha. Pwani yetu bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, lina desturi yake: maji hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi jioni. Maji mafu, siku maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, ni kinyume chake, asubuhi ya saa nne maji yamejaa na jioni yamekupwa. Na kila siku saa inasogea mbele, kiasi cha dakika 50. Bamvua linakuja siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Maji mafu yanafuata mwezi nusu. Sisi tuna kalenda ya mwezi ukutani kila nyumba. Tunashindwaje?

Bamvua kali bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Na maji hayo hayaendi mwendo mmoja. Chukua saa sita za kujaa: saa ya kwanza inapanda sehemu 1 kati ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya mwisho 1. Maana yake nusu ya maji yote, mita 2 nzima, zinapita katika saa mbili za katikati. Bamvua likikupwa saa nne, saa hizo mbili ni kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana. Hapo mkondo baina ya kisiwa cha Changuu na mji unavuta kwelikweli.

Jumlisha. Bamvua, ukianza saa nne asubuhi: maji yote yametoka, mafungu ya mchanga yako nje, umande umekufa na upepo wa mchana haujaingia. Ukianza saa sita: upepo ndiyo kwanza unachipukia na mkondo umo katika nguvu yake yote, aliye nyuma hana njia ya kumfikia aliye mbele. Ukianza saa nane na nusu: maji ni marefu, mkondo unapungua, upepo umekaza. Siku ni ile ile, ngalawa ni zile zile, resi tatu tofauti kabisa.

Nataka kusikia mabaharia, na nataka kusikia pia wanaokaa kwenye kamati.


#2 Kijana wa Funguni

Wa alaykum salaam ami. Umenena. Niongeze la Forodhani penyewe, pale ukingoni mwa Mji Mkongwe, maana nimelelewa pale.

Kaskazi na kusi zote mbili zinafika pale zikiwa zimeshapita juu ya nchi. Kusi imeshapita Ng'ambo na mapaa yote ya Mji Mkongwe. Kaskazi imeshapita Malindi na bandarini. Kwa hiyo ukingoni upepo ni wa vipande: unapata pumzi moja, unakatika, unapata nyingine kutoka upande mwengine. Nyumba ya kimo cha mita 15 inaweza kukupa kivuli cha upepo mita 150 na zaidi. Anayepangwa karibu na ukuta anakaa tanga linapwaya, na mwenzake aliyepangwa nje keshashika upepo keshaondoka.

Kwa hiyo hata saa ikiwa nzuri, mstari wa kuanzia usogezwe nje. Watazamaji wataona tu, ngalawa si sindano.


#3 Mwanakamati

Nahodha, salaam. Mimi ni mmoja wa hao unaowataka. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya resi, sitosema ipi.

Maneno yako yana ukweli lakini tazama na upande wetu. Watu wanaanza kujaa Forodhani baada ya saa tisa, jua likipungua. Wafadhili wanataka picha. Viongozi wana shughuli nyingine siku hiyo hiyo. Alasiri inaingia, watu wanataka kusali. Na magharibi ngalawa zote lazima ziwe zimeshafika, hatuwezi kuwaacha watu baharini kiza kinaingia. Dirisha letu ni dogo kuliko unavyofikiri. Tukikwambia saa nne asubuhi si kwamba hatujui bahari. Ni kwamba saa nne ndiyo iliyobaki.


#4 Nahodha wa Mtoni

Mwanakamati, ahsante kwa kujitokeza, na nakuheshimu kwa hilo.

Sikubaliani na neno "iliyobaki". Ukiniambia tarehe haigeuki, nakubali. Januari 12 ni Januari 12. Lakini ndani ya tarehe hiyo saa inaweza kusogezwa, na mwaka hadi mwaka haitokuwa moja. Mwaka ikiangukia maji mafu, hata hiyo saa nne yenu kwa upande wa maji haina tabu: yamejaa, na mkondo ni mdogo mchana kutwa. Mnabaki kuusubiri upepo tu. Mwaka ikiangukia bamvua, saa nne ni kuwadhulumu mabaharia. Kwa hiyo siwaombi saa moja ya kudumu. Naomba ratiba isiandikwe kabla ya mtu kufungua jedwali la maji.

Kuhusu sala: anzeni saa nane, masafa yapimwe ili wa mwisho awe amefika kabla ya alasiri kutoka. Resi fupi yenye upepo wa kweli inapendeza kuliko resi ndefu ya kusukumwa na pondo.


#5 Mkojani

Nyie watu wa mjini mnazungumzia kidimbwi. Nasema kwa heshima.

Mlango baina ya Unguja na bara ni wa maji madogo, sehemu kubwa haifiki mita 60. Mlango wa Pemba ni kilindi, unapita mita 800. Huku kwetu Pemba bahari haikupi nafasi ya kuweka fimbo chini ukapumzika. Kwa hiyo msiichukue kanuni ya Forodhani mkaipeleka kila pahala.

Kwanza mfahamu kwamba mbali na maji kujaa na kupwa, pwani yetu ina mkondo mkuu unaokwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma unapata nguvu, unaweza kufika noti 4 (noti ni kipimo cha mwendo baharini) nje kwenye maji makubwa. Kaskazi ikivuma unadhoofika, lakini kwetu haugeuki. Ngalawa inayokwenda noti 5 ikipambana na mkondo wa noti 2, kwa aliyesimama pwani inakwenda noti 3. Aliyekwenda njia ya kina kifupi pembeni mwa mwamba, ambako mkondo ni mdogo, atampita ingawa tanga lake limechakaa. Mashindano ya kwetu mengi yanaamuliwa hapo: nani anajua pa kujificha na maji.

Pili, na hili watu wa Nungwi watanishuhudia. Upepo na mkondo vikienda upande mmoja, wimbi ni refu na laini. Vikipingana, wimbi linakuwa fupi, la wima, linapiga omo, mbele ya chombo, kila baada ya sekunde chache. Kaskazi inavuma kwenda kusini, mkondo unakwenda kaskazini. Ndiyo maana siku ya kaskazi ya wastani tu, rasi ya Nungwi inachafuka kuliko unavyotarajia kwa upepo ule. Mtu ametazama simu, ameona noti 14, akasema leo safi. Simu haikumwambia maji yanakwenda wapi.

Tatu, upande wa mashariki, Paje, Jambiani, Matemwe. Pale mwamba unakinga mawimbi ya kusi, ndani ni maji matulivu na upepo unafika mzima kutoka bahari kuu, haukukatwa na nyumba wala mnazi. Kwa upepo, hapana pahala pazuri pa resi Unguja nzima kuliko pale. Lakini ni wakati wa maji kujaa tu. Bamvua likikupwa ndani kunakauka, unakuta kina mama wamo kwenye mashamba ya mwani. Atakayepanga resi pale aulize kwanza vigingi vya mwani viko wapi, maana tengo la ngalawa, lile la ubavuni, likipita juu ya kamba za mtu ni hasara ya mtu.


#6 Bint Shangani

Assalaam alaykum. Mimi si baharia, nasimamia boti za uokozi kwenye mashindano na kazi yangu inaanza siku tatu kabla. Naomba nizungumzie utabiri kidogo maana Mkojani ameutaja.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikitoa taarifa ya upepo na mawimbi hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Maneno tunayoyasikia sana msimu wa kusi ni "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2". Mabaharia wetu wanahesabu kwa noti, basi tugeuze: noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, kwa hiyo kilomita 40 ni karibu noti 22. Kwa ngalawa yenye tanga zima huo si upepo wa resi.

Sababu ni kwamba nguvu ya upepo haipandi sawa na mwendo wake. Ukitoka noti 10 ukafika 20, msukumo juu ya tanga haukuzidi mara mbili, umezidi mara nne. Na tarakimu ya utabiri ni wastani. Dharuba ya ghafla inaweza kuzidi wastani huo kwa theluthi, hata nusu. Nikiona wastani wa noti 18 mimi najitayarisha kwa 25.

Kuhusu programu za simu kama Windy, ni nzuri lakini tujue zinaona nini. Zinachora matokeo ya modeli, hesabu za kompyuta za hali ya hewa. Data za modeli ya Marekani, GFS, zinazotumika sana zina miraba ya kiasi cha kilomita 28 huku kwetu. Ya Ulaya, ECMWF, ni kiasi cha kilomita 9. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi na upana wake ni chini ya 40. Kwa hiyo modeli ya kwanza inakiona kisiwa chote kama miraba michache. Haiijui Shangani, haijui Changuu, haijui kivuli cha nyumba alichokitaja Kijana wa Funguni. Mimi naitumia kujua siku itakuwa ya aina gani na upepo utakaza saa ngapi, halafu asubuhi natazama bahari kwa macho yangu.

Nashikilia jambo moja bila kuyumba: ikitolewa tahadhari, resi inaahirishwa, awe kaja nani. Julai 18, 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe siku ya upepo mkali na bahari iliyochafuka, na ile ilikuwa meli. Mwenyezi Mungu awarehemu waliopotea. Kusi ya Julai si ya kuifanyia mzaha.


#7 Mgeni wa Bahari

Samahanini wakubwa, nauliza. Asiye na simu wala kipimo, amesimama pwani, anajuaje noti ngapi?


#8 Nahodha wa Mtoni

Swali zuri mwanangu. Tazama maji, si minazi. Minazi inapiga kelele hata kwa upepo mdogo.

Maji yana vikunjo tu, hakuna povu: chini ya noti 7. Povu jeupe linatokea hapa na pale juu ya wimbi: noti 7 mpaka 10. Povu limekuwa jingi kila unapotazama: 11 mpaka 16, na hapa ndipo resi inaponoga. Karibu kila wimbi lina povu na manyunyu yanaanza kuruka: 17 mpaka 21, punguza tanga. Ukiona povu linaanza kuburutwa kwa mistari kufuata upepo, umeshapita huko, vuta chombo juu.

Lakini tazama maji ya nje, si ya ukingoni. Forodhani maji ya ukingoni yanaweza kuwa kama kioo na nje ya Changuu watu wanafua maji yaliyoingia chomboni.


#9 Fundi Tanga

Nimesoma yote, mmesema vizuri, ila mmemsahau tanga.

Ngalawa yetu na tanga lake la pembe tatu haiwezi kuelekea juu ya upepo kama mashua za Wazungu. Ikibisha inakwenda mbavu sana na inapoteza kwa kusukumwa demanini, upande unakokwenda upepo. Na kila ukitaka kubadili upande lazima ukisi tanga. Kwa asiyejua, hebu tazama kinachofanyika: nahodha anaipeleka ngalawa tezi ipokee upepo, kamba ya demani, inayolishika tanga, inaachiwa, tanga linaruka mbele huru, baharia mmoja anaishika foromali, mti uliofungwa tanga, kwa chini na kuipitisha mbele ya mlingoti upande wa pili, mwengine anakimbilia mrengu (mti wa ubavuni) mpya wa joshini, upande unakotoka upepo, kabla tanga halijajaa, maana likijaa yeye hayuko pale, mrengu wa demanini unazama na chombo kinapinduka. Wakati wote huo ngalawa inarudi ilikotoka. Waliozoeana wanapoteza kidogo. Waliokusanywa jana usiku wanapoteza resi.

Kwa hiyo upepo unapokuwa wa vipande, anayekisi kila akiona pumzi mpya anajimaliza mwenyewe. Ni bora kushika upande mmoja mrefu ukafika nje kwenye upepo uliotulia, halafu ukakisi mara moja. Na hapa narudi kwa Nahodha wa Mtoni: saa ikiwa mbaya, upepo unapindapinda, mabaharia hodari wanaadhibiwa na wenye bahati wanapewa ushindi. Hilo mimi linaniuma.

Jengine ni ukubwa wa tanga. Siku ya kaskazi nyepesi watu wanaleta tanga kubwa. Likiwa la pamba, wazee walikuwa wanalimwagia maji: nyuzi zinavimba, matundu yanaziba, upepo haupenyi. Siku hizi matanga mengi ni ya turubali la plastiki, ukilimwagia maji unaongeza uzito bure. Siku ya kusi tanga lile lile kubwa ni balaa. Lakini ngalawa haina pa kupunguzia tanga kwa urahisi katikati ya safari, unachagua ukiwa pwani. Na unachagua kwa saa uliyoambiwa. Ukiambiwa saa nne, ukabeba tanga la upepo wa saa nne, wageni wakachelewa, ukaanzishwa saa nane, umeshatumbukizwa kwenye upepo ambao hukuutayarishia chombo. Nimeshuhudia ngalawa zinapinduka kwa sababu hiyo na si nyingine. Kuchelewesha resi si jambo dogo la itifaki, ni kumbadilishia mtu bahari.


#10 Mwanakamati

Fundi, hilo la tanga kwa kweli sikuwahi kulifikiria hivyo. Sisi tukichelewesha saa mbili tunadhani tumewachosha watu kwa jua tu.


#11 Kijana wa Funguni

Na hamjagusa mvua. Vuli, Oktoba kuendelea mpaka Disemba, kuna maleleji, upepo hauna mwenyewe: leo matlai, kesho kaskazi changa, kesho kutwa shwari. Zipo resi za vijijini zinafanywa wakati huo.

Hatari ya vuli ni wingu moja. Unaliona jeusi upande mmoja, chini yake pazia la mvua, na upepo ulionao unakatika. Watu wanafurahi, kumetulia. Hapo ndipo pa kutua tanga. Mvua inapoanguka inateremsha hewa baridi kutoka juu, ikigonga maji inatawanyika kwa kasi pande zote, inakufikia kabla ya tone la kwanza. Utaona mstari wa maji meusi unakuja na utahisi baridi usoni. Ukishahisi baridi umebaki na dakika chache, na henza, kamba ya kupandishia na kutulia tanga, iwe tayari mkononi.

Kuhusu vimbunga, sisi tuko karibu mno na Ikweta, Unguja ni nyuzi 6 kusini, kwa kawaida havitufikii. Lakini vipo: mwaka 1872 kimbunga kilikipiga kisiwa hiki vibaya, na Mei 2024 Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Aprili na Mei hata bila kimbunga ni masika, sioni sababu ya mtu kupanga resi.


#12 Mkojani

Kijana umesema kweli, hasa hilo la upepo kukatika. Kwetu wazee wakiona shwari ya ghafla ndani ya vuli wanaacha kila kitu wanatazama juu.

Niongeze: wazee hao walikuwa wanahesabu siku kwa miongo, kumi kumi kutoka Nairuzi, ile Siku ya Mwaka inayosherehekewa Makunduchi kila Julai. Kwa hesabu hiyo mtu alijua kusi itaanza kulegea lini, demani, msimu unaofuata kusi, itaingia lini, lini afunge safari na lini avute chombo pwani. Nairuzi inafuata jua, si mwezi, ndiyo maana inafaa kwa pepo. Na mwezi unafaa kwa maji. Aliyekuwa nazo zote mbili hakuhitaji mtu wa kumpangia ratiba. Vijana wa kamati wakakae na wazee hao wangali hai, waandike.


#13 Mwanakamati

Wadau, nimeyachukua. Nipeni kitu ambacho naweza kukiweka mezani, kifupi, mtu asiyejua bahari akikisoma aelewe. Mfano Januari.


#14 Nahodha wa Mtoni

Bismillah. Januari 12, kaskazi.

Tazama tarehe ya mwezi wa Kiislamu inayoangukia siku hiyo. Ikiwa ni baina ya tarehe 1 na 4, au 15 na 18, ni bamvua: resi ianze saa nane mpaka saa nane na nusu mchana, maji yanamalizia kujaa. Ikiwa ni baina ya 8 na 11, au 22 na 25, ni maji mafu: mkondo hauna neno, ianze saa saba au saa nane kwa ajili ya upepo peke yake, ila mstari na maboya yawekwe kwenye kina maana jioni maji yanatoka. Siku za katikati, fungua jedwali la maji, tafuta saa ya maji kujaa, rudi nyuma saa moja na nusu mpaka saa mbili. Ikikuangukia asubuhi upepo bado haujaingia, basi fuata upepo, na njia ya resi ifupishwe.

Julai, geuza fikra. Upepo upo, tatizo ni kuwa mwingi. Utabiri ukisema mchana utapita noti 18, resi iwe asubuhi saa tatu, saa nne, kabla kusi haijakaza, hata kama maji si mazuri sana. Usalama unatangulia mkondo.

Saa ikishatangazwa, kuchelewa kusizidi nusu saa. Ikizidi, manahodha wapewe muda wa kubadilisha matanga, kisha ndiyo waanze. Na maboya yawekwe siku ile ile, saa moja kabla, na mtu anayeutazama upepo uliopo.


#15 Bint Shangani

Naomba uongeze boti za uokozi. Zisikae mstarini kupiga picha na wageni. Zikae demanini mwa njia ya resi, maana chombo kikipinduka watu na mbao vinachukuliwa huko, hakuna kinachorudi joshini. Moja karibu na boya la mwisho, moja katikati. Na kila baharia awe na jaketi la kuokolea, anayeogelea na asiyeogelea. Tumebishana sana na manahodha juu ya hili wakisema linabana wakati wa kukisi.


#16 Fundi Tanga

Dada, linabana, lakini yapo membamba. Wavae. Nitawashonea mikanda mifupi kama shida ni kunasa kwenye kamba.


#17 Mwanakamati

Nimenakili la Nahodha na la Bint Shangani kama yalivyo. Kikao ni wiki ijayo. Fundi Tanga, nitahitaji uje ueleze mwenyewe habari ya tanga na kuchelewesha, maana mimi nikilisema watadhani ni malalamiko ya mabaharia. Na kuhusu maboya, tuliyonayo yana nanga za mawe, bamvua lililopita mawili yalihama. Mwenye nanga za chuma za kuazima Malindi au Mtoni aniandikie humu.